Tundu la A ya Tatu

Kwa maneno ya Mama Dirisha, mambo yalikuwa wazi kama jua la adhuhuri. Jumamosi asubuhi, alisema, Dada Nene aliviringisha pipa jeupe mpaka katikati ya ua wake, akalifuta kwa kitambaa, akaliinamia na brashi ya rangi ya buluu, akaanza kuliandika yale maherufi yake manene. Aliandika huku anatabasamu peke yake. Alipomaliza alirudi nyuma, akashika kiuno, akalitazama pipa kama mtu anayetazama mtego wake. Kisha mkokoteni ukaja ukalibeba. Haya, Jumatatu shemeji yake, mume wa mdogo wake, akaingia zamu kiwanda cha sabuni, akachota kikombe akidhani ni maji, kumbe ni ile dawa ya kupikia sabuni, inayobabua mpaka chuma. Sasa amelala hospitali, kinywa kimeungua, kauli hana. Na wiki ile iliyotangulia, si Dada Nene huyu huyu aliyemwambia shemeji yake mbele ya watu, “Umelikoroga, utalinywa”?

“Sasa mnataka nini tena?” Mama Dirisha aliuliza, kiwiko kikiwa juu ya kizingiti cha dirisha kama kilivyokuwa siku zote. “Mnataka pipa lije kituoni lijieleze lenyewe?”

Inspekta alikuwa amesimama nje ya dirisha hilo, juani, hana haraka. Kituoni walimwita Kobe, na hakuchukia. Mwanamke mfupi, kiatu cha kisigino kifupi, mwendo wa kuhesabu mawe. Lakini akishafika mahali, hasogezwi. Nyuma yake Koplo alikuwa anajifuta jasho. Koplo ndiye aliyeandika maelezo ya kesi, na kwa maoni yake kesi ilikwisha jana.

Mkuu wa kituo naye alikuwa na maoni hayo hayo. Alikuwa amesema jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo kabla ofisi hazijafungwa. Shtaka: kujaribu kuua. Jalada likitoka, Dada Nene atatoka nalo, lakini si kwenda nyumbani. Atapelekwa gerezani kungoja hukumu, na watu wanangoja huko mpaka watoto wao wanaota ndevu.

“Mama,” Inspekta alisema, “kutoka hapa uliyaona maandishi?”

“Niliyaona! Miwani ilikuwa ndani, na bado niliyaona. Yale maherufi huyatafuti, mwanangu. Yanakufuata yenyewe.”

“Yalisemaje?”

“Aa, kuyasoma sikuyasoma. Pipa lilikuwa limenipa ubavu. Niliona unene.”

“Na mkokoteni ulielekea wapi?”

Mama Dirisha alinyoosha kikombe chake. “Kule, mteremkoni.”

Inspekta aligeuka taratibu akatazama mteremko. Kisha akageuka upande wa pili, akatazama mlima. Bomba la moshi la kiwanda cha sabuni lilionekana huko juu, limesimama wima kama kidole.

Koplo alikohoa. “Pengine ulizunguka, afande.”

“Mkokoteni wenye pipa hauzunguki, Koplo. Anayeusukuma hana moyo huo.”

“Mimi nimesema nimeona,” Mama Dirisha aliingilia, amenuna. “Sikusema nilipanda mkokoteni.”

Waliteremka. Koplo alilalamika magoti, akalalamika viatu, akalalamika muda. Inspekta alikuwa anatazama milango. Mteremko ulipoishia palikuwa na shule ya chekechea, nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta uliochakazwa na mikono midogo. Mbele ya mlango, juu ya matofali, lilisimama pipa jeupe lenye bomba. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa buluu: MAJI YA KUNAWA.

“Mwalimu, pipa hili mmelipata lini?”

Mwalimu alikuwa amembeba mtoto mmoja kiunoni na mwingine amemshika sketi. “Jumamosi. Dada Nene alituletea, zawadi. Nimesikia mnamshikilia. Mnamshikilia kwa kosa la nini, la kuandika?”

“Watoto hawa wanajua kusoma?”

“Hawa? Hawa bado wanavaa viatu kinyume. Lakini hakuna anayekosea bomba hili. Wanasema herufi zake zina mashavu.”

Inspekta alichuchumaa mbele ya pipa. Kweli zilikuwa na mashavu. Kila mstari ulikuwa mnene kama kidole gumba, na kila ulipoishia uliishia kwa duara. Hapakuwa na ncha, hapakuwa na kijiguu wala kikofia kama zile herufi za kwenye magazeti. Matundu ya ndani ya A yalikuwa mapana kuliko alivyotarajia. U ilikuwa imezama kidogo chini ya mstari wa wenzake, nusu ya unene wa brashi, lakini ukisimama mbali uliiona imekaa sawa kabisa.

Alitoa mkobani kipande cha plastiki angavu na kalamu ya wino mzito. Akaibandika plastiki juu ya A ya MAJI, akaifuatisha ukingo wake, nje na ndani. Kisha akaihamishia kwenye A ya YA.

“Koplo, njoo uone. Zinalingana?”

Koplo aliinama kwa taabu. “Hii mguu wake wa kulia umechanua zaidi.”

“Na hizi mbili za KUNAWA?”

“Hii kama imeshiba. Ile nyingine kama ilikula jana.” Aliinuka. “Ni A nne, baba mmoja mama mmoja. Lakini hakuna pacha.”

“Kumbuka maneno hayo,” Inspekta alisema, akichora na zile tatu zilizobaki. “Huandiki kila kitu, basi angalau kumbuka.”

Alikuwa na sababu ya kumchoma. Usiku uliopita alikuwa amesoma maelezo ya mtuhumiwa, yameandikwa kwa mkono wa Koplo, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja uliomkaa kama mwiba wa samaki: *Nimeonyeshwa picha ya pipa. Herufi ni zangu.* Baada ya hapo nukta, na saini. Mtu mwenye akili timamu hajitii kitanzi halafu akaweka nukta.

---

Dada Nene alikuwa mwembamba kama ufito. Jina la Nene alipewa kwa sababu ya herufi zake, na wasiomjua wakimwona kwa mara ya kwanza walicheka. Aliletwa kutoka mahabusu, akakaa, akaweka mikono mezani. Rangi ya buluu ilikuwa bado chini ya kucha.

“Ulipoonyeshwa picha ulisemaje?” Inspekta alimuuliza. “Neno kwa neno.”

“Nilisema herufi ni zangu, mkono si wangu.”

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama dari.

“Karatasi ilikuwa inakwisha, afande.”

“Karatasi ilikuwa inakwisha,” Dada Nene alirudia, “na mimi ndiyo niishie humu?”

“Nieleze,” Inspekta alisema. “Herufi zinakuwaje zako, mkono usiwe wako?”

Dada Nene alieleza bila kubabaika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya nyumbani kwake. Alipoanza kazi ya kuandika vibao kiwandani, alikuta herufi nyembamba zenye vijiguu. Katika chumba cha kupikia mvuke ulikuwa mzito kama blanketi, na ndani ya mvuke ule vijiguu viligeuka wadudu tu. Akazikata miguu. Akazinenepesha. Zilipokuwa nene matundu yakaziba, ikawa huwezi kuijua A na duara la rangi, akayapanua matundu. Kisha akaona pembe zinamomonyoka kwanza, rangi ikibanduka inaanzia pembeni, akaziviringa ncha zote.

“Zikawa za kupendeza. Nikaogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Kitu cha kupendeza kinaita, afande. Sasa nikiandika dawa ya kuunguza kwa herufi zinazoita, nimefanya nini? Nikatengeneza za pili. Nazo nene, lakini za pembe, za miiba. Nikawafundisha watu wa zamu zote. Mviringo, gusa. Miiba, kaa mbali. Maji, mlango wa kutokea, sanduku la dawa ya majeraha: mviringo. Dawa kali, moto, umeme: miiba. Miaka yote hiyo hakuna aliyeumia.”

“Na pipa la kiwandani limeandikwa DAWA KALI kwa mviringo.”

“Ndiyo maana nikasema mkono si wangu. Mimi siwezi. Ni kama umwambie mama amwekee mtoto sumu kwenye chupa ya maziwa, halafu aandike kwenye chupa, sumu.”

“Na lile la umelikoroga utalinywa?”

Kwa mara ya kwanza alitabasamu, kwa uchungu. “Shemeji aliwaahidi ndugu zake wote waje kuishi kwake. Mkewe, mdogo wangu, hana habari. Nikamwambia umelikoroga, utalinywa. Wewe hujawahi kuambiwa?”

“Mimi kila Ijumaa,” Koplo alisema. “Na mama mkwe.”

Dada Nene hakucheka. Alikuwa anautazama mlango. “Mdogo wangu amekuja?”

“Hajaja.”

“Ametuma hata chai?”

Inspekta alifunga jalada. Ndani yake yalikuwamo maelezo ya huyo mdogo mtu, mafupi kuliko yote: *Herufi za dada yangu nazijua tangu tunalala kitanda kimoja. Zile ni zake. Sitaki kumwona.*

“Hajatuma,” alisema. “Kaa. Ninarudi.”

---

Meneja wa kiwanda aliwapokea getini mwenyewe, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisema alishasema yote. Alisema kiwanda kina wageni wiki hii. Alisema anayeandika herufi hizi hapa ni mmoja tu, na yuko mikononi mwao.

“Basi hatutachukua muda wako,” Inspekta alisema, akapita.

Chumba cha mapipa kilikuwa karibu na cha kupikia, na mvuke uliingia na kutoka mlangoni. Mapipa yote yalikuwa meupe, yamepangwa mstari mmoja kama wanafunzi. Pipa la tukio lilikuwa limezungushiwa utepe wa polisi, karibu kabisa na la maji. Mpishi wa sabuni, mzee mwenye nyusi zilizochomwa na joto la miaka, alisimama kando akiwa na kofia mkononi.

“Siku zote yanakaa hivi?”

“Hapana, mama. Ya maji huku, ya dawa kule ukutani. Jumapili yalipangwa pamoja, tukaambiwa yaonekane vizuri. Picha.”

“Picha ya nani?”

“Ya wageni. Mimi sijui, mimi napika.”

“Aliyeumia alikuwa anajua kusoma?”

“Kuliko mimi. Alikuwa anatusomea gazeti.” Mzee aligeuza kofia. “Lakini humu ndani hatusomi. Tunaangalia. Unatoka kwenye sufuria macho yanalia, unaona mviringo, unachota. Nami ningechota. Siku ile alinitangulia tu. Nikapiga kelele uani, nani ameandika dawa kwa mviringo?”

Inspekta aliinua utepe akaingia chini yake. DAWA KALI. Buluu ile ile, unene ule ule. Alitoa plastiki ya chekechea akaiweka juu ya A ya kwanza. Haikukaa. Akaiweka juu ya A ya pili, haikukaa. Akajaribu zote nne alizochora, moja baada ya nyingine, juu ya zote tatu. Hakuna iliyokaa.

“Pengine siku hiyo mkono wake ulikuwa umechoka,” Koplo alisema.

“Tuone ulivyochoka.”

Alichukua plastiki safi, akachora A ya kwanza ya pipa hili. Akaihamishia juu ya ya pili. Wino ulifunika rangi, ukingo kwa ukingo, hata unywele usingepita. Akaihamishia juu ya ya tatu, ile ya KALI. Nje ilifunika. Ndani haikufunika: tundu la A ya tatu lilikuwa limekaa upande, kama mtu aliyeegemea nguzo.

“Pacha,” Koplo alisema polepole. “Halafu mmoja kitovu kimehama.”

“Mkono wa mtu hauzai pacha, Koplo. Umeona mwenyewe chekechea. Na anayeandika kwa brashi halichori tundu. Anachora miguu, tundu linabaki lenyewe. Haliwezi kuhama peke yake.” Alipitisha ukucha juu ya ukingo wa herufi. Ukucha ulikwama. Rangi ilikuwa imesimama pembeni kama ukingo wa sahani. “Sikia hapa. Brashi hulala. Hii ilizuiwa na kitu.”

“Kitu gani?”

“Stika. Mashine inakata herufi kwenye stika. Ukizing'oa herufi, inabaki karatasi yenye mianya. Unaibandika kwenye pipa, unapaka rangi kwenye mianya, unaibandua. Lakini tundu la A halijashikwa na chochote, ni kisiwa. Lazima ulichukue kwa kidole ulibandike peke yake, kwa kukisia. Mara mbili amekisia vizuri.”

Alitoa kisu kidogo, akakwangua chini ya D. Buluu ilitoka. Chini yake nyeupe, bado laini, rangi ya juzi. Chini ya nyeupe, buluu nyingine, kuukuu, ngumu. Na katika kile kidirisha alichokwangua ilionekana pembe kali, imechongoka kama jino la msumeno.

Mpishi wa sabuni alisogea akaiona. “Miiba,” alisema. “Ile ya Nene. Ilikuwapo. Mtu ameifunika.”

Meneja alikuwa amefika mlangoni na kusikia hilo.

Inspekta hakumtazama. Alikuwa anajiuliza swali moja tu: mtu mwenye rangi kwenye vidole anayebandua visiwa vidogo vya stika atavipeleka wapi? Havitoki kwenye kidole. Ukivitikisa vinahamia kidole kingine. Mtu wa namna hiyo huvibandika kwenye kitu cha karibu na kuvisahau, kama watoto wanavyobandika chingamu. Alisimama pale ambapo mpakaji angesimama, akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama. Mkono ulifika kwenye fremu ya mlango.

Vilikuwapo, usawa wa bega, vimejipanga: vipembetatu vitatu vyenye ncha za mviringo, na kimoja kama nusu mwezi. Ukingo wa kila kimoja ulikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

“Leta mfuko, Koplo. Na kibano. Usiguse gundi.”

---

Mashine ya stika kiwandani ilikuwa moja tu, kwa Msanifu, kijana wa michoro, mpwa wa Meneja. Chumba chake kilikuwa ghorofani, kina feni, kina kompyuta, kina mashine ya kukata stika iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Ukutani zilibandikwa kazi zake: karatasi za kufungia sabuni, fulana za wafanyakazi, picha ya gari la kiwanda, kalenda. Zote zilikuwa na herufi zile zile, nene, za mviringo, zenye mashavu.

“Kazi nzuri,” Inspekta alisema, na hakuwa anatania.

Kijana aliinuka akampa kiti. Alikuwa na adabu, na macho mekundu ya mtu asiyelala. “Asante, mama. Ndiyo sura mpya ya kiwanda.”

“Umezitoa wapi?”

“Ukutani humu humu. Nilizipiga picha, nikazisafisha, nikazikamilisha. Zilikuwa zinacheza cheza. Sasa ziko sawa, unazipata A mpaka Z. Kwenye sabuni zinafaa kwa sababu hazina ukali. Mteja anaona ulaini kabla hajashika. Ukizipunguza zikawa ndogo kwenye karatasi bado zinasomeka, maana matundu yako wazi.”

“Umetengeneza A ngapi?”

“Moja.” Alitabasamu, kazi ikampa nguvu. “Ndiyo raha yake. Ukishaipata moja nzuri, haitaki nyingine.”

“Kwa hiyo ukiandika neno lenye A tatu?”

“Zote tatu ni ile ile.”

“Bila tofauti hata ya unywele?”

“Hata ukizipima kwa darubini.”

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Akauweka mfuko mezani, taratibu, chini ya taa. “Haya, nisaidie. Hivi ni nini?”

“Matundu,” kijana alisema.

Alisema haraka, kama fundi anavyotaja spana yake. Kisha uso wake ukasimama.

“Matundu ya nini?”

“Ya... inaonekana ya A. Na moja la D.”

“La D?” Inspekta alikisogeza kile cha nusu mwezi kwa ncha ya kalamu. “Mimi nilidhani P. Au R. Koplo aliniambia B.”

“B kabisa,” alisema Koplo, ambaye hakuwa amemwambia kitu.

Feni ilizunguka. Meneja alikuwa amesimama nyuma yao, mlangoni.

“Gundi ina tabia moja,” Inspekta aliendelea. “Inamshika anayeishika. Kila kipande humu kina alama ya kidole upande wa nyuma, safi kuliko zile tunazochukua kituoni kwa wino. Sasa naweza kuondoka navyo, nirudi kesho na jibu la maabara na pingu. Au unaweza kuniambia leo.”

“Mjomba,” kijana alisema.

“Nyamaza,” Meneja akasema.

“Mjomba, nimechoka.”

“Nimesema nyamaza!”

“Niliandika DAWA KALI!” Sauti ilimtoka kijana kama kizibo. “Sikuandika maji! Niliandika kilichomo! Ile ya zamani ilikuwa mbaya, afande, inatisha, na wageni wanakuja. Nikajaribu pipa moja kwanza, nimwonyeshe mjomba. Stika haikushika, pipa lina mafuta, nikapaka rangi. Nikayapanga kwa ajili ya picha. Hakuna mtu aliyeniambia habari ya miiba. Hakuna! Kila mtu humu anajua na hakuna aliyesema. Kosa langu mimi ni lipi?”

Lilikuwa swali la haki, na Inspekta hakulikwepa.

“Kupaka si kosa la kufungwa. Hukuambiwa, na waliopaswa kukuambia nao nitawauliza.” Alimtupia Meneja jicho, akalirudisha. “Lakini Jumatatu mchana mtu alibebwa humu anatapika damu. Mpishi wa sabuni akapiga kelele uani, nani ameandika dawa kwa mviringo? Ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Basi Jumatatu mchana uliambiwa. Jioni yake akachukuliwa mwanamke wa watu. Jumanne akalala mahabusu, nawe uko hapa juu na feni. Hilo sasa tutalitafutia jina lake.”

Kijana aliinuka, akaingiza mkono nyuma ya kabati, akatoa karatasi ya stika iliyokunjwa, imegandamana kwa rangi. Aliikunjua mezani. Mianya ilisomeka DAWA KALI, na mahali pa matundu palikuwa wazi. Meneja aliketi bila kukaribishwa.

“Afande,” alisema kwa sauti ya chini, “haya ni mambo ya familia. Tunaweza kuyazungumza kikubwa.”

“Tutayazungumza,” Inspekta alisema. “Kituoni. Koplo, andika. Na safari hii andika mpaka mwisho wa sentensi.”

---

Jalada halikwenda kwa mwendesha mashtaka. Mkuu wa kituo aliligeuza mara mbili, akaitazama karatasi ya stika, akapiga muhuri wa kumwachia mtuhumiwa, akasema kwamba tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Hakuna aliyembishia.

Dada Nene alirudishiwa mkanda wake, kitambaa chake cha kichwa na simu iliyozima. Alisikiliza habari za stika na visiwa vyake amesimama. Alipoambiwa tundu la A ya tatu limekaa upande, uso ulimkunjika, kama fundi aliyeonyeshwa mshono mbaya. Aliuliza jambo moja tu: kama mapipa yamerudishwa mahali pake. Inspekta akamwambia yamerudishwa, na zamu ya jioni imezuiwa mpaka lile pipa litolewe.

“Basi nitumie simu yako,” alisema.

Inspekta ndiye aliyepiga, kwa kuwa mdogo mtu asingepokea namba nyingine. Aliiweka mezani, sauti nje. Upande wa pili palisikika korido ya hospitali: magurudumu ya kitanda, mlango unaojifunga wenyewe, mtu anaita muuguzi.

“Afande?”

“Mama, nakupa taarifa rasmi. Si dada yako. Herufi zilinakiliwa kwa mashine na mtu mwingine ameziweka pasipo pake. Amekiri. Dada yako ameachiwa huru, hana kesi. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

“Yuko hapa.”

Dada Nene aliisogelea simu lakini hakuishika. Aliinama, mikono nyuma, kama anayezungumza na mtoto aliyejificha chini ya kitanda.

“Mdogo wangu. Ni mimi. Najua hujalala tangu Jumatatu. Nije nikae naye mimi usiku huu, nimloweshee midomo, wewe ukajinyooshe kidogo tu. Sitasema kitu. Niambie nije.”

Koplo aligeuka akasoma tangazo la ukutani alilolisoma miaka kumi. Inspekta hakuondoa mkono wake karibu na simu. Kule hospitali magurudumu yalipita tena, yakaishia mbali. Mlango ulijifunga. Kioo cha simu kilikuwa bado kinawaka, sekunde zinaongezeka, laini haikukatwa, na kwa ukaribu sana, kama mtu aliyeibana simu shavuni, ilisikika pumzi inaingia na kutoka.

“Nije?” Dada Nene aliuliza.